Bampa Lile Lilikuwa Lako, Mama Nekesa

Mama Nekesa mpendwa,

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne. Ningeweza kuja huko Njiru unakokaa tukaongea ana kwa ana, au nikakupigia simu Jumapili ukishatoka kanisani. Lakini kosa nililokukosea nililifanya mbele ya watu, tena watu wengi, na naona si haki nije kukuomba msamaha pembeni ambapo hakuna anayesikia. Kwa hiyo nimeiandika isomwe na yeyote. Wanaotujua hapa mtaani Baba Dogo wataielewa haraka. Wasiotujua nitawaeleza kama ninavyokumbuka, na nikikosea mahali, utanisahihisha kama ulivyozoea.

Nianze na siku Daktari alipokuja kwenye kibanda changu cha kuchomelea vyuma. Si daktari wa watu. Ni wa ng'ombe na ngamia, yule mrefu mwenye kofia ya kitambaa anayezunguka kaskazini kuchanja mifugo. Jioni yake nilikusimulia huku nikivua viatu, nawe ulikuwa unachambua mboga. Nilikuambia gari lake la porini lilikuwa zuri mbele na limeumia nyuma. Bampa la kiwandani, lile la bati jepesi, lilikuwa limefungwa kwa waya upande mmoja, na upande wa pili halikuwepo kabisa. Tairi la akiba, ambalo hukaa chini ya gari, lilikuwa limekwaruzwa na mawe mpaka nyuzi zinaonekana.

"Kila nikipanda kutoka kwenye mto mkavu, nyuma inagonga chini," aliniambia. "Na nikikwama, hakuna mahali pa kufungia kamba ya kunivuta. Safari iliyopita tulikaa kwenye matope siku mbili. Barafu ikayeyuka, chanjo zote zikaharibika. Kulikuwa na watu wametembeza ng'ombe wao mbali sana kuja kuchanjwa, nikawarudisha hivyo hivyo."

Alitaka bampa la chuma, lililoinuka kwenye pembe ili lisiguse ardhi. Alitaka mkono wa chuma unaofunguka kama mlango, wa kubebea tairi la akiba huko nyuma badala ya chini. Na alitaka masikio mawili ya kufungia kamba, yasiyong'oka hata gari likizama hadi kwenye ekseli.

Nilimwambia naweza. Mimi, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nimechomelea mageti, grili za madirisha na vitanda vya bweni. Otieno wa kibanda jirani alikuwa anasikiliza, na Daktari alipoliacha gari akaondoka, Otieno alikuja akaegemea mlango.

"Msee, hiyo si geti," alisema. "Geti ikikataa unabomoa ukuta kidogo. Hiyo ikikataa utabomoa nini?"

Wewe ulikuwa nyumbani mwezi wa pili tangu kiwanda cha nguo kipunguze watu. Miaka kumi na moja ulikuwa umesimama kwenye meza ya kukatia, ukichora vipande vya mashati kwenye karatasi ngumu kabla kitambaa hakijaguswa. Nilijua ndiyo kazi yako, lakini nakiri leo kwamba sikuwahi kukuuliza inafanywaje. Kwangu ilikuwa kazi ya kukata nguo, basi.

Nilipima nyuma ya gari kwa futi, nikaandika vipimo ukutani kwa chaki, nikakata bati la milimita nne, nikachomelea siku mbili. Tulipoliinua na Otieno tulifunge, upande mmoja uligusa mwili wa gari na upande wa pili ukaacha nafasi ya vidole vitatu. Nikafikiri nimekosea kupima. Nikakata lingine. La pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nilichomelea upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kuja wa pili, na moto ukalivuta likapinda katikati. Nililitupa nyuma ya kibanda nikalifunika kwa gunia ili wapita njia wasilione.

Nyumbani sikusema kitu. Nilikuwa naacha ugali nusu, nakaa kwenye kiti natazama ukuta. Ulinitazama siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi, ulinifuata kazini na chakula kwenye bakuli lililofungwa kwa leso. Uliweka bakuli juu ya tangi la maji, ukalizunguka gari mara mbili, ukachuchumaa nyuma yake.

"Baba Nekesa, hili gari limewahi kugongwa?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Limegongwa hapa. Wamelinyoosha wakapaka rangi, lakini bega moja limeingia ndani. Wewe umekata chuma kana kwamba mabega yako sawa."

"Gari lina mabega?"

"Kila kitu cha kuvalishwa kina mabega," ulisema. Kisha ukanituma dukani nikaombe katoni tupu.

Nilirudi na katoni za mafuta ya kupikia. Ulikuwa na mkasi wako mzuri kwenye kibeti lakini ukakataa kuutoa, ukasema karatasi hula makali, ukachukua kile kisu changu cha kukatia zulia. Nikashika upande mmoja wa katoni, wewe ukashika wa pili, tukaibandika kwenye nyuma ya gari. Nilikuwa nakaza. Ukaniambia, "Usivute. Acha ilale yenyewe." Tukaiacha ilale. Pale ilipokataa kulala, ulichora mstari, ukakunja, ukaniambia huo ni kama ule mkunjo mdogo unaoshonwa kifuani mwa blauzi ili nguo ifuate mwili. Ukaniuliza kama chuma kinaweza kukunjwa hivyo. Nikakueleza kwamba naweza kupitisha grinda ya kusagia chuma juu ya mstari nikachimba mfereji bila kukata hadi upande wa pili, nikakunja, kisha nikaujaza ule mfereji kwa kuchomelea. Ulifurahi sana kusikia hivyo. Ulinitaka nikuonyeshe hapo hapo kwenye kipande cha taka, na nilipokunja ukakishika kikiwa bado kina joto.

Nilikueleza pia habari ya moto kuvuta chuma. Hukushangaa. Ulisema hata uzi ukikazwa huvuta kitambaa, ndiyo maana mtu hashoni upande mmoja mpaka mwisho. Anashikiza kwanza huku na huku, ndipo ashone. Basi nikafanya hivyo. Nikaweka tone moja kulia, tone moja kushoto, nikaacha lipoe, nikarudi. Miaka yote niliyochomelea hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa maneno nikalielewa.

Wiki iliyofuata ulikuja kila siku. Ulivaa overoli yangu ya zamani umekunja mikono mara tatu. Kila kipande cha karatasi ulikiandika KUSHOTO au KULIA kwa kalamu, na ile K yako yenye mkia mrefu, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Mimi nilikuwa nakilaza kipande juu ya bati, nazungusha chaki, nakata. Otieno alikuwa anakuja kutazama akisingizia kuazima brashi ya waya.

Masikio ya kamba ulinikatalia. Nilitaka kuyabandika juu ya bampa, niyachomelee pembeni vizuri, yawe yameisha. Ukasema, "Kifungo ukikishona kwenye kitambaa chepesi, kikivutwa kinaondoka na kitambaa. Lazima uweke kitu nyuma yake." Nikakaa chini nikafikiria, na hapo kweli nilifikiria. Nikachukua bamba nene, nikalipitisha ndani ya bampa likatokea upande wa pili, nikalichomelea mbele na nyuma, nikalifikisha mpaka kwenye zile boli kubwa zinazoshika chasisi. Siku ya kujaribu tulifunga kamba kwenye lori lililobeba kokoto, gari la Daktari likiwa limekanyagiwa breki. Niliwasogeza watu wote mbali, kwa sababu kamba ikikatika inaweza kuua. Wewe ulisimama ng'ambo ya barabara umekunja mikono. Lori lilivuta mpaka magurudumu ya gari yakaburuzika na kuacha michirizi myeusi chini. Bampa halikusogea hata kidogo. Nilipokutazama ulikuwa umefumba macho.

Na mkono wa tairi ni wewe pia. Mimi nilishaufunga, nikaupaka rangi ya kwanza, nikaona nimemaliza. Ukapanda ndani ya gari, ukasukuma mlango wa nyuma, nao ukagonga tairi hata mkono ukiwa umefunguliwa. Ukachungulia kwenye ule upenyo mdogo ukaniuliza, "Daktari atatoa sanduku la chanjo kupitia dirishani?" Tulicheka mpaka Otieno akazima mashine yake kuuliza kuna nini. Nilikata mhimili wa mkono ule nikausogeza nje upana wa kiganja, na mlango ukafunguka wote.

Naandika haya yote, Mama Nekesa, kwa sababu nataka ajuaye na asiyejua aone kazi ilikuwa ya nani. Mimi nilikuwa mikono. Mikono ni kitu, siidharau. Lakini bampa lile lilikuwa lako kabla halijawa chuma.

Daktari alikuja Ijumaa na rafiki zake wawili, kila mmoja na gari lake la namna ile ile. Wewe ulikuwa umetuchemshia chai. Daktari alipiga magoti nyuma ya gari lake, akapitisha kidole kwenye ule upenyo kati ya bampa na mwili, kutoka pembe moja hadi nyingine. Ulikuwa sawasawa kote.

"Fundi, hii imekaa kama ilizaliwa na gari," alisema. "Umeipimaje?"

Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu na trei mkononi. Bado ulikuwa na vumbi la katoni kwenye leso. Nilikuona. Sitaki kusema sikukuona.

"Ni kichwa tu, Daktari," nilisema. "Nilikaa, nikafikiria."

Daktari akachukua kikombe kwenye trei akasema asante bila kugeuka. Rafiki zake nao wakachukua. Siku ile ile wote wawili wakaagiza mabampa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Ulikaa ukafikiria?"

"Ah, ni maneno ya biashara tu, Mama Nekesa. Mteja anataka kusikia fundi anajua."

"Sawa," ulisema.

Neno lile nililisikia likipita, nikaliacha lipite.

Kazi ikaja. Majirani, mnakumbuka mlivyokuwa mkilalamika kwamba magari yamejaa mpaka njia ya mkokoteni haipo. Kila gari ulilipima upya, hata kama ni la aina ile ile, kwa sababu ulisema kila moja limeishi maisha yake. Nami nikaita mtu wa kuchora maandishi, akaandika ukutani kwa herufi nyekundu FUNDI WA BAMPA, na jina langu chini yake, kubwa. Ulikuwa unakata kipande mezani. Ulitazama ukuta ukauliza kwa upole, "Na langu?"

Nilicheka. Nikasema, "Watu wataogopa. Nani atafunga kamba kwenye chuma kilichochorwa na mama wa nyumbani?"

Hukucheka. Ulimaliza kukata, ukaandika KULIA, ukaweka kipande juu ya vingine.

Kisha ukaja ule mkutano wa wenye magari ya porini. Wao hukusanyika uwanjani na magari yao, wanachoma nyama, wanaonyeshana vifaa. Daktari aliwaambia waniite niwaeleze ninavyofanya. Ulinipigia pasi shati asubuhi. Nilikunja katoni zako tatu nikaziweka chini ya kwapa nikaondoka, na sikukuuliza kama ungependa kuja. Nilisimama mbele yao nikainua karatasi juu. Nikasema mbinu hii nimeivumbua mwenyewe, kwamba niliamka siku moja ikanijia. Walipiga makofi. Nilipenda makofi yale, Mama Nekesa. Ni lazima niseme na hilo, kwa sababu nikilificha barua hii itakuwa ya bure.

Mtu alinirekodi, na video ikaenda ikafika kwenye simu ya Nekesa. Alikuwa kidato cha pili, na alikuja nayo mezani Jumapili mchana.

"Baba, si hii ni karatasi ya mathe? Hiyo K ni yake."

"Nekesa, hayo ni mambo ya kazi."

"Lakini umesema ni wewe ulivumbua."

"Nimekuambia ni mambo ya kazi. Kula."

Ulikuwa unapita nyuma yangu na beseni la nguo zilizofuliwa. Hukusimama. Ulitoka nje, na kupitia dirishani nilikuona ukianika nguo moja moja, ukizinyoosha kola, na shati langu ukalinyoosha kola kama mengine. Nekesa hakula. Alitoka kwenda kukusaidia kuanika.

Jumatatu nilikungoja. Gari la mteja lilikuwa limeinuliwa tayari. Nilikupigia.

"Leo siji," ulisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Hatukugombana, na majirani mpaka leo hawana la kusimulia. Ulianza kwenda Njiru kwa dada yako, ukatumia chumba chake cha mbele kushona viti vya magari na maturubai. Mwanzoni ilikuwa siku mbili kwa wiki. Halafu zikawa nne. Nekesa alipofunga shule akaja huko moja kwa moja. Hukuniambia umeondoka. Niliingia tu siku moja nikaona pale pembeni ya dirisha cherehani haipo, na sakafu pale ilikuwa na rangi tofauti na kwingine.

Nilikasirika. Nilimwambia Otieno kwamba umeanza kuringa. Otieno alikuwa anasaga chuma, akainua miwani yake juu ya paji la uso.

"Fundi, si wewe ndiye ulimtoa kwenye picha?" alisema. "Sasa unauliza mbona hayuko kwenye picha."

Sikuongea naye wiki nzima.

Niliendelea na karatasi zako za zamani. Nilikuwa nazo rundo, nikajiambia gari ni gari. Lakini hakuna iliyokaa vizuri. Pale ilipokataa nilivuta kwa boli mpaka ikakubali, nikajaza nyufa, nikapaka rangi. Wateja wawili hawakujua tofauti, au walijua wakanyamaza. Kisha Daktari akaja na gari lingine, maana lile la kwanza alikuwa amempa mwenzake wa kule kaskazini. Alitaka bampa kama lile. Akaniambia lile lilikuwa limevutwa kwenye matope mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuhesabu, na masikio bado yamo.

Nilimtengenezea kwa karatasi ya gari la mtu mwingine. Siku ya kulichukua alipiga magoti kama mara ya kwanza, akapitisha kidole. Kilipita, kikakwama, kikapita. Akainuka akajipangusa magoti.

"Fundi, mkono wako umebadilika?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi, kwamba chuma cha siku hizi ni kibaya. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu aliyekuja kunisaidia, na nikafikiria gari lile limekwama huko mbali, kamba imefungwa, na boli nilizozilazimisha zinaanza kukatika. Watu wakiwa wamesimama karibu.

"Lile la kwanza sikulifanya peke yangu, Daktari," nilisema. "Vipimo vilikuwa vya mke wangu. Vyote. Hata yale masikio, yeye ndiye alinifundisha."

"Yule mama aliyetuletea chai?"

"Ndiye."

"Mimi nilichukua kikombe nikamwambia asante na sikumtazama hata usoni." Alivua kofia akaishika. "Mbona hukusema siku ile?"

"Nilitaka kuonekana fundi."

"Na sasa yuko wapi?"

"Njiru."

"Anaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipotambua, Mama Nekesa, kwamba kwa muda wote ule ambao ulikuja kibandani, hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kulisikia jina lako kutoka kwangu. Walikujua kwa jina la mtoto, au hawakukujua kabisa.

"Naliaka," nilisema. "Anaitwa Naliaka."

Siku ile nilivua lile bampa mbele yake nikalikatakata kwa grinda ili asije mtu mwingine akalifunga. Akaondoka na gari lake, nyuma ikiwa wazi. Nilijua anakokwenda. Na nitakwambia nilichotumaini: kwamba utalipima gari, utampa karatasi, naye atanirudishia mimi nichomelee. Nilisafisha meza. Nilinunua bati na kuliegemeza ukutani tayari.

Hukunitumia karatasi. Ulimtafuta fundi hapo hapo Njiru, mkalitengeneza wenyewe.

Daktari alipita Baba Dogo kunionyesha kabla hajasafiri. Nadhani alitaka nilione, na hakufanya hivyo kwa ubaya. Nililala chini ya gari kwenye kipande cha katoni nikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwanzoni nilikuwa natafuta kosa. Huyo fundi wako ana haraka kidogo kwenye kona, na matone yake hayalingani. Nilifurahi kuona hivyo kwa dakika kama mbili hivi. Halafu nikaona mabamba ya masikio yamepitishwa mpaka ndani na kukutana na boli, nikaona mlango utafunguka wote, nikaona ile nafasi kati ya bampa na mwili inakwenda sawasawa kama mstari wa daftari. Upande wa ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona ila fundi mwenzako akilala chini, mlikuwa mmegonga kwa patasi herufi za jina lako.

Nilitoka chini ya gari nikamwambia Daktari, "Ni kazi safi." Akasema anajua.

Wenye magari walikutana tena mwezi uliopita. Safari hii hawakuniita. Nilienda mwenyewe, nikaomba dakika tano wakanipa. Sikuwa na cha kuinua juu. Niliwaambia karatasi nilizowaonyesha mara ile hazikuwa zangu, kwamba zilikatwa na Naliaka, mke wangu, aliyesimama miaka kumi na moja kwenye meza ya kukatia nguo, na kwamba niliwadanganya kwa sababu nilipenda kusifiwa. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akacheka, mwingine akaendelea kugeuza nyama. Mama mmoja mwenye gari lake mwenyewe alinifuata baadaye, akaniomba nimwelekeze Njiru. Nikamwelekeza. Nilimwambia apite barabara ya Kangundo, na akifika aulize mtu anayeshona maturubai.

Ukutani nimefuta herufi zile. Rangi nyekundu ina ubishi, bado inaonekana kwa mbali mvua ikinyesha. Sijaandika kitu kingine juu yake, kwa sababu jina lako sina ruhusa ya kuliandika kwenye ukuta wangu.

Nimerudi kwenye mageti. Lakini nimeanza pia kujifunza kukata karatasi, polepole, kwenye gari bovu la Otieno lisilokwenda popote. Naiacha ilale yenyewe. Nimeharibu katoni nyingi, na wiki iliyopita moja ilikaa. Nilisimama nayo mkononi nikageuka kukuita.

Nekesa hunipigia Jumamosi. Mwanzoni alikuwa anajibu maswali tu kama yuko kwenye mtihani. Siku hizi anakaa kwenye simu kidogo. Ameniambia una kazi nyingi, kwamba watu wanaleta magari kutoka mbali na kuna siku wanapanga foleni. Aliniambia kwa sauti iliyojaa furaha, halafu akaniuliza kama nimekasirika. Nilimwambia hapana, na nilipochunguza moyoni nikaona nilimwambia kweli.

Sikuombi urudi. Siku ukiwa na nafasi, nikubalie tu nije Njiru. Nitakaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine, na zamu yangu ikifika nitakuambia haya kwa mdomo.

Salamu kwa dada yako na kwa fundi wenu. Mwambie apunguze haraka kwenye kona.

Ni mimi, ninayekuheshimu,

Baba Nekesa